Mzee ana PSA 2.3 tu lakini kinyama kimeonesha saratani ya seli ndogo ya tezi dume, tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Kilosa

Wakuu habari za usiku. Naombeni uelewa hasa kwa walioko kwenye afya au yeyote aliyeuguza mtu wa namna hii, maana familia tumegawanyika na naona muda unakwenda.

Mzee wangu ana miaka 67, mkulima, hajawahi kuwa na sukari wala presha. Mwaka jana mwishoni alianza kukojoa kwa shida, mkojo unakatakata, usiku halali anaamka amka, tukampeleka hospitali moja sitaitaja jina wakapima damu kile kipimo cha tezi dume wanaita PSA ikaja 1.9. Wakasema iko chini ya 4 kwahiyo hiyo ni tezi dume imevimba tu kwa ajili ya umri, wakampa tamsulosini, dawa ya kusaidia mkojo utoke, tukarudi nyumbani tumefurahi kabisa. Hakuna aliyempima kwa kidole. Baada ya miezi kadhaa mkojo ukaziba moja kwa moja akawekewa mpira, na hapo katikati alishaanza kulalamika kiuno na amekonda vibaya mno. Hospitali ya rufaa ndo daktari akampima kwa kidole akasema tezi ni ngumu na kubwa upande mmoja, wakarudia PSA ikaja 2.3, wakachukua kinyama. Majibu yametoka juzi yanasema ni kasinoma ya seli ndogo, neuroendokrini, ya tezi dume.

Sasa daktari mmoja anasema saratani ya tezi dume inatibiwa kwa kuondoa korodani au sindano za homoni, mwingine akasema hapana hii homoni haiisaidii apelekwe haraka kwenye kemo. Baba mdogo yeye anasema majibu yamechanganywa na ya mtu mwingine, saratani gani PSA 2, turudie kinyama sehemu nyingine kabla hatujamharibu mzee na madawa. Mama analia tu.

Naulizia, inawezekana kweli saratani ya tezi dume ikawa na PSA ndogo hivi? Na nani yuko sahihi kati ya hawa madaktari wawili? Bima ya mzee iliisha, kwahiyo tukikosea njia moja hatuna hela ya kuanza upya njia nyingine.

---

MezaYaSlaidi

Pole sana mkuu, na pole kwa mama. Mimi nipo kwenye patholojia, kazi yangu ni hizo hizo nyama zinazoletwa na madaktari, kwahiyo ngoja nikueleze kwa upana maana swali lako la kwanza ndo linabeba yote.

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume zenyewe. Saratani ya tezi dume tunayoizoea, ile inayoitwa adenokasinoma, ni zaidi ya asilimia 95 ya zote, na seli zake pamoja na kuharibika bado zinakumbuka kazi yake ya kutengeneza PSA, ndo maana ikikua PSA inapanda. Hii ya seli ndogo ni jamii nyingine. Ikianza yenyewe moja kwa moja kwenye tezi haifiki hata asilimia 2 ya saratani za tezi dume. Seli zake zina tabia ya mishipa ya fahamu na homoni, nyingi hazina hata kile kipokezi cha homoni ya kiume, na PSA hazitoi au zinatoa kidogo sana. Kwahiyo mzee kuwa na PSA 2.3 huku tezi ni kubwa, ngumu, amekonda na kiuno kinauma, hakupingani na majibu ya kinyama, kunayaunga mkono. Tezi iliyoharibika vile na PSA iko chini ni moja ya dalili zinazotufanya sisi maabara tuitafute seli ndogo.

Hapo ndo jibu la pili linapotokea. Tiba ya homoni, iwe sindano au kuondoa korodani, inafanya kazi kwa sababu seli za saratani zinategemea homoni ya kiume ili zikue. Hilo lilioneshwa na Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941 na akapewa Nobel mwaka 1966, na mpaka leo ndo msingi wa kutibu adenokasinoma iliyosambaa. Seli ambayo haina kipokezi hicho, ukiinyima homoni haijali. Kwahiyo daktari wa pili yuko sahihi, hii inatibiwa na kemo ya jamii ya platini, yaani sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposaidi, ni njia ile ile ya saratani ya mapafu ya seli ndogo. Daktari wa kwanza nae simlaumu sana, kuna sehemu ya maneno yake inaweza kuwa na ukweli, nusu hivi ya hizi saratani zinakuwa zimechanganyika, ndani ya tezi moja kuna seli ndogo na kuna adenokasinoma ya kawaida. Ikiwa ni mchanganyiko basi homoni inawekwa JUU ya kemo, lakini haichukui nafasi ya kemo. Ripoti inatakiwa iseme kama ni tupu au ni mchanganyiko, angalia vizuri.

Kuhusu baba mdogo, kurudia kuchoma sindano mimi nisingeshauri. Kinyama kipo, kimehifadhiwa kwenye bloku za nta maabara. Mkaombe bloku na slaidi, ni haki ya mgonjwa, mpeleke zikasomwe tena na daktari wa patholojia mwingine kwenye hospitali kubwa yenye imunohistokemia, yaani kupaka kinyama rangi maalumu za kutambua aina ya seli, Muhimbili kwa mfano. Seli hizi ni dhaifu, sindano ikipita zinapondeka kirahisi na zikipondeka zinafanana na limfoma au na adenokasinoma mbaya ya daraja la mwisho. Nimeshaona ripoti zimeandikwa Glisoni (alama ya ukali wa adenokasinoma) 5+5 na PSA iko 3, ukipaka rangi za sinaptofisini, kromogranini na CD56 zinawaka zote. Seli ndogo haipewi Glisoni kabisa. Kwahiyo tuwekee hapa ripoti imeandikwaje, ficha jina la mzee.

Cha mwisho kwa leo: kusoma upya kufanyike HUKU mzee akiwa njiani kwenda onkolojia, yaani kwa madaktari wa saratani. Msisubiri kimoja kiishe ndo mwanze kingine, hii kitu inakimbia.

---

Jani_Kibichi

Pole mkuu. Kemo inamaliza watu wazee, nimeona kwa macho yangu. Mchemshie majani ya stafeli na mizizi ya mlonge glasi asubuhi na jioni, saratani inakufa yenyewe, wengi wamepona mtaani kwetu. Dawa za miti hazina madhara.

---

SistaWodini

Jani_Kibichi ndugu yangu najua nia yako ni njema ila hapa naomba tusimpoteze mwenzetu. Mimi ni nesi wa wodi ya kemo. Etoposaidi tunayomtundikia mgonjwa asili yake ni mmea, inatokana na kemikali ya mizizi ya podofilamu. Dosetakseli wanayopewa wazee wengine wa tezi dume imetokana na majani ya mti vilevile. Kwahiyo hakuna anaedharau miti hapa, tofauti ni kwamba hizo zilipimwa kwa watu, ikajulikana kiasi gani kinaua saratani na kiasi gani kinamuua mgonjwa, na damu inapimwa kila mzunguko. Stafeli haijapimwa hivyo, ina kemikali inayoitwa anonasini ambayo kule visiwa vya Guadeloupe watafiti waliihusisha na ugonjwa unaofanana na Pakinsoni kwa watu wanaoitumia sana. Na mzee ambae mkojo uliziba figo zake tayari ziko kwenye mtihani, ukimmiminia vitu usivyovijua halafu kesho awekewe sisplatini inayopita kwenye figo hizo hizo unamuumiza. Kama kuna anachotumia nyumbani mkuu Kilosa mwambie daktari wazi wazi, hatugombezi mtu, tunataka kujua tu.

Sasa nikwambie kemo yenyewe ilivyo ili familia isiogope kitu isichokijua. Kwa kawaida siku ya kwanza anapata platini na etoposaidi, siku ya pili na ya tatu etoposaidi peke yake, halafu anapumzika mpaka siku ya 21 anaanza mzunguko mwingine. Mizunguko ni 4 mpaka 6. Akipewa sisplatini anawekewa maji mengi ya dripu kabla na baada ili kulinda figo, na dawa za kuzuia kutapika zinatangulia. Sisplatini inaweza kugusa masikio, akisema masikio yanalia mseme. Kama figo hazipo vizuri au mwili ni dhaifu, daktari anampa kaboplatini ambayo dozi yake inapigiwa hesabu kutokana na figo zinavyochuja, kwahiyo wazee wengi inawafaa zaidi. Nywele zitatoka, zitarudi.

Kinachoua watu kwenye kemo nyumbani ni homa iliyodharauliwa. Chembe nyeupe zinashuka sana kuanzia wiki ya pili hivi. Joto likifika 38 hakuna kumpa panado na kusubiri asubuhi, hakuna kusema ni malaria mpaka duka la dawa lifunguliwe, ni hospitali usiku huo huo na mkaseme mlangoni kabisa "yuko kwenye kemo". Nunueni kipimajoto.

Na huyu ana mpira wa mkojo, kwahiyo usafi wa mpira ni mara mbili zaidi ya kawaida, ubadilishwe kwa tarehe, ukiona mkojo una harufu kali au usaha pigeni simu kabla ya kemo inayofuata.

Hela: nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ile ile mnayofika, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo sera ya afya inawataja kwenye msamaha. Beba barua ya serikali ya kijiji na kitambulisho. Dawa zenyewe, sisplatini, kaboplatini, etoposaidi, zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, sio zile dawa mpya za mamilioni kwa kidonge kimoja.

---

MvitaMoja

Pole sana ndugu yangu wa Kilosa, mimi niko Mombasa na babangu pia alipatikana na saratani ya prosteti isiyo ya kawaida ila yake ni aina ingine, naandika kwa sababu nimeona watu wakisikia "aina nadra" wanadhani zote ni moja na dawa ni moja.

Yake iliitwa adenokasinoma ya daktali, ile ya mirija. Dalili kubwa ilikuwa damu kwa mkojo, damu nyekundu kabisa, PSA ilikuwa juu kidogo tu. Wakamtibu yutiai, yaani antibayotiki juu ya antibayotiki, mpaka daktari wa mkojo akaingiza kamera akaona kinyama kimeota ndani ya njia ya mkojo pale inapopita katikati ya prosteti. Akakata kipande, ndio ikajulikana. Alitueleza kwamba hii ilielezwa mara ya kwanza 1967 na wakati huo walidhani imetoka kwa mabaki ya chembe za kike zinazobaki kwa mwanamume tangu tumboni, kwa sababu kwa hadubini inafanana na saratani ya mji wa mimba. Baadaye wakaona inatoa PSA na ukimnyima mgonjwa homoni ya kiume inasinyaa, basi ikarudishwa kwa familia ya prosteti. Kwa hivyo babangu homoni ILIMSAIDIA. Alifanyiwa operesheni, mionzi na sindano za homoni pamoja, wanaichukulia sawa na Glisoni 8 hata kama inaonekana ndogo, hawangoji ngoji.

Ninachotaka kusema ni kwamba ukisoma kisa changu usiende kudai homoni kwa mzee wako, na aliye na daktali akisoma kisa chako asikatae homoni. Jina lililoko kwa ripoti ndilo linaamua. Mzee wetu anaendelea vizuri alhamdulillah, anakuja kupimwa kwa PSA na kwa skani zote mbili kwa sababu walituambia PSA peke yake haitoshi kumfuatilia.

---

Mtoto_wa_Kilosa

Aisee nashukuru sana wakuu, nimesoma mara tatu na nimemsomea na baba mdogo. Ripoti imeandikwa hivi: vipande 12, kati ya hivyo 9 vina saratani, kasinoma ya neuroendokrini ya seli ndogo, sinaptofisini chanya, kromogranini chanya kwa sehemu, Ki-67 asilimia 90, TTF-1 chanya. Halafu mwishoni wameandika "inashauriwa kuhakikisha haijatoka kwenye mapafu". Hiyo ndo imemfanya baba mdogo aseme unaona, ni ya mapafu sio ya tezi, na mzee kweli alivuta sigara ujanani.

Kingine, tangu jana mzee amekuwa mzito wa kuongea, anajibu vitu visivyoeleweka, anasinzia. Kwenye karatasi za damu naona sodiamu 121 imewekewa alama ya mshale chini. Tumefikiri ni kutokula na kukosa usingizi. Ultrasaundi ya tumbo ilisema ini lina vivimbe kadhaa.

---

MezaYaSlaidi

Mkuu acha kila kitu, sodiamu 121 na mtu amechanganyikiwa ni dharura ya LEO. Mpelekeni hospitali ya karibu sasa hivi na hiyo karatasi mkononi. Saratani za seli ndogo zina tabia ya kutoa homoni zenyewe bila ruhusa ya mwili, moja wapo ni ile inayozuia figo kutoa maji, maji yanabaki mwilini sodiamu inashuka, ubongo unavimba. Anaweza kupata degedege. Msimpe chumvi nyumbani, msimlazimishe maji mengi, ipandishwe hospitali taratibu maana ikipandishwa haraka nayo inaharibu ubongo. Wanaweza pia kuangalia kalsiamu na sukari hapo hapo. Nenda kwanza, ukirudi soma yaliyobaki.

Hiyo Ki-67 inaonesha tu seli zinagawanyika kwa kasi. Kuhusu TTF-1. Najua ukisoma vitabu inasemekana ni rangi ya mapafu, ila kwa seli ndogo kanuni hiyo haishiki, seli ndogo iliyoanzia kwenye tezi dume au kibofu nayo mara nyingi inawaka TTF-1. Kwahiyo rangi hiyo haiwezi kusema imetoka wapi. Kinachosema ni CT ya kifua, tumbo na nyonga. Vipande 9 kati ya 12 vikiwa vimejaa, na tezi ndiyo iliyoanza na dalili za mkojo, mimi naegemea tezi, lakini CT ya kifua lazima ipigwe. Kuna kipimo cha jeni kinachotafuta muungano wa TMPRSS2 na ERG, upo karibu nusu ya saratani za tezi dume, ukikutwa umemaliza ubishi, usipokutwa haujasema kitu. Sikutumi ukakitafute, nakwambia ili baba mdogo ajue ubishi wake una majibu. Na kwa bahati kwenye matibabu haubadilishi sana, iwe mapafu iwe tezi, ikishafika kwenye ini kemo ya kwanza ni ile ile platini na etoposaidi. Sasa mnabishania nini wakati dawa ni moja?

Vivimbe vya ini navyo vinaendana. Adenokasinoma ya kawaida inapenda mifupa, hii ya seli ndogo inapenda ini, mapafu, wakati mwingine ubongo. Kwa kuwa amechanganyikiwa, pamoja na sodiamu daktari anaweza kutaka picha ya kichwa pia. Na hicho kiuno, ulizeni miguu ikoje. Miguu ikianza kulegea au akashindwa kuzuia choo, uti wa mgongo unabanwa, hiyo nayo ni ya masaa, anapewa steroidi na mionzi. Kuna mtu atawashauri pet skani ya PSMA, picha inayotafuta alama iliyo juu ya seli za saratani ya tezi dume, hii aina mara nyingi haiwaki vizuri kwenye PSMA, msipoteze hela huko, CT nzuri inatosha kuanzia.

---

MamaNasra

Nimepita tu kusema pole. Mwanangu wa kiume alipatikana na saratani ya tezi dume akiwa na miaka minne, watu hawaamini mpaka leo. Ni rabdomayosakoma, inatokea kwa watoto kwenye kibofu na tezi dume, ilianza na mkojo kuziba. Hospitali ya kwanza walidhani ni kibofu kina maambukizi. Alitibiwa Muhimbili wodi ya watoto, vinkristini, aktinomaisini na saiklofosfamaidi, baadae mionzi, dawa hatukulipia. Sasa yuko shule. Najua ya mzee ni tofauti sana siwezi kukufananishia, ila kitu cha mkojo kuziba kwa mtoto wa kiume wazazi wasikichukulie kirahisi, ndo nilichotaka kiandikwe hapa wengine wakisoma.

---

Mtoto_wa_Kilosa

Wakuu Mungu awabariki. Tulimpeleka usiku ule ule akalazwa, sodiamu imefika 130 na leo ameniita kwa jina na kuuliza kama nimeuza mahindi. Daktari wa zamu alisema mmewahi. CT imepigwa: mapafuni hamna uvimbe mkubwa wa kuonesha chanzo, ini lina vivimbe, tezi imeshika kibofu, figo ya kushoto imejaa maji. Kichwa kipo salama. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ipo juu kidogo. Rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, imeandikwa.

Bloku tumezichukua, walitaka kutuzungusha kidogo ila nilivyosema ni haki ya mgonjwa kama ulivyonifundisha wakatoa. Baba mdogo ndo kazibeba mwenyewe.

Naombeni mnisaidie mawili ya mwisho. Je tumwambie mzee ukweli? Anajua ni "tezi" tu. Na je hii inapona? Niambieni kama ilivyo.

---

SistaWodini

Alhamdulillah kwa sodiamu. Kwenye kreatinini na figo iliyojaa maji, mwambieni onkolojia mapema ili watu wa urolojia waone kama inabidi figo itolewe maji kwa mrija kabla ya kemo, na hapo ndo utaona wanaelekea kwenye kaboplatini badala ya sisplatini, usishtuke ukadhani wamempa dawa hafifu kwa sababu hana bima.

Umeuliza kama ilivyo nakujibu kama ilivyo. Ikiwa imeshafika kwenye ini haiponi moja kwa moja. Kemo ya kwanza inafanya kazi kwa wengi, na inafanya kazi haraka, nimeona mzee anaingia kwa kiti cha magurudumu mzunguko wa tatu anatembea mwenyewe kwenda chooni, maumivu yanapungua, hamu ya kula inarudi. Shida ni kwamba ina tabia ya kurudi, mara nyingi ndani ya miezi, na ikirudi dawa za mstari wa pili zina nguvu ndogo. Wengi waliosambaa wanaishi karibu mwaka mmoja, wapo pungufu na wapo waliopitiliza. Angekuwa bado haijatoka nje ya tezi tungeongea habari ya kemo pamoja na mionzi kwa lengo la kuimaliza, lakini kwa ini hilo lengo ni kumpa miezi mizuri, sio kumtesa.

Kwahiyo swali la kumwambia linajijibu. Huyo ni baba mwenye shamba, mke na watoto, ana mambo ya kupanga na watu wa kuongea nao. Mkimficha ataambiwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani Ocean Road, maana pale kila mtu anajua amekuja kwa nini. Usimwage yote kwa mara moja. Muulize kwanza yeye mwenyewe anadhani anaumwa nini na anataka kujua kiasi gani, kuna wazee wanasema "ongeeni na mwanangu" na hiyo ni haki yake pia. Daktari awepo, na mama awepo asije akasikia kwa kupitia mlango.

Na mkifika mtake huduma ya tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso, kuanzia siku ya kwanza, msiite mpaka mwisho. Maumivu ya kiuno yakizidi anapewa mofini ya maji, watu wanaiogopa wanadhani ni ya kufia, wapo wanaoinywa na wanakwenda shamba. Akianza mofini aanze na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo.

---

MezaYaSlaidi

Nakubaliana na Sista neno kwa neno. Naongeza moja tu, kwa kuwa PSA yake haisemi kitu, usikubali afuatiliwe kwa PSA peke yake. Mtaambiwa PSA imeshuka mpaka 1 mfurahi, huku ini linajaa. Wamfuatilie kwa CT baada ya mizunguko miwili au mitatu, na LDH kwenye damu (kimeng'enya kinachoweza kupanda saratani ikiongezeka), na hali yake mwenyewe. Ikiwezekana waangalie CEA, alama nyingine ya saratani kwenye damu, pia mwanzoni kabla ya kemo, ikiwa iko juu inakuwa kitu cha kufuatilia baadae.

Na kwa wengine wanaosoma hapa wenye wazee walioko kwenye sindano za homoni muda mrefu: hii seli ndogo inaweza pia kujitokeza baadae kwa mtu aliyekuwa na adenokasinoma ya kawaida, homoni ilimbana saratani ikabadilika tabia ikakwepa. Ukiona mzee PSA ipo chini imetulia lakini ini lina vivimbe, anakonda, maumivu yanaongezeka, ombeni kinyama kipya kutoka pale palipoota, msitegemee kinyama cha miaka mitatu nyuma.

---

MvitaMoja

Safari ya Dar mnaenda na nini? Mzee aliye na mpira na kiuno kinauma basi la masaa mengi litamchosha.

---

Mtoto_wa_Kilosa

Treni ya SGR mkuu, tunapandia hapa hapa Kilosa. Nilimuuliza kama alivyosema Sista, akanijibu "mimi nilijua tangu nilipoanza kukonda, nyie ndo mlikuwa hamjui". Akataka kujua kemo inachukua muda gani kwa sababu mvua za vuli zinakuja. Nimemwambia siku tatu halafu anarudi nyumbani mpaka ya 21. Amekubali. Jumatatu tunakuwa Ocean Road, bloku baba mdogo anazipeleka Muhimbili siku hiyo hiyo.

---

SistaWodini

Vizuri. Jumatatu muwahi asubuhi kwa ajili ya faili, beba rufaa, CD ya CT, karatasi zote za sodiamu na kreatinini kwa mpangilio wa tarehe, na akiba ya mfuko wa mkojo. Sodiamu irudiwe kabla hamjaanza safari.